Kabla ya kununua seva mpya, uliza wigo wa kipimo

Wafanyabiashara wa nafaka wa Dodoma na Singida wana gharama moja ambayo haionekani katika bei ya gunia wala katika nauli ya lori. Ni gharama ya kompyuta inayokwenda polepole. Stakabadhi ikichelewa kutoka, lori haliondoki. Lori lisipoondoka, mnunuzi wa Dar es Salaam anatafuta mzigo kwingine. Fundi anaitwa, anapima, anataja tarakimu, na ushauri unaofuata mara kwa mara ni ule ule: nunueni mashine kubwa zaidi.

Swali la kwanza la mwenye mtaji lisiwe tarakimu inasema nini. Aulize kwanza kipimo kilizungushiwa wigo wapi. Kompyuta moja, siku moja, inaweza kutoa asilimia 7, asilimia 29 au asilimia 100, na zote tatu zikawa sahihi. Kinachobadilika ni kile kilichowekwa ndani ya wigo na kile kilichoachwa nje.

Wanaofuatilia hisa wanalijua jambo hili. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina vipimo viwili ambavyo hutajwa pamoja. Kimoja, DSEI, hupima kampuni zote zilizoorodheshwa sokoni, zikiwamo zile ambazo nyumbani kwao ni Nairobi, kama KCB na East African Breweries. Kingine, TSI, hupima kampuni za ndani peke yake. Bei za Nairobi zikishuka, kipimo cha kwanza chaweza kuteremka huku cha pili kikipanda. Hakuna kilichokosea, ila mwenye hisa za benki ya ndani ambaye anatazama kipimo cha kwanza tu anaweza kuuza kwa hofu isiyomhusu.

Utendaji wa kompyuta hupimwa kwa kanuni hiyo hiyo, na hasara ya kutoelewa wigo ni ya aina hiyo hiyo.

KOMPYUTA NDANI YA BIASHARA

Miaka ya nyuma mfanyabiashara wa kati angeweza kusema kuwa kompyuta ni mambo ya benki. Leo hawezi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mashine za EFD za kutolea stakabadhi za kodi zilianza kutumika mwaka 2010. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakihamia katika mfumo wa GePG, ambao humpa mlipaji namba ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontroo namba. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendesha minada ya mazao kwa kompyuta chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo husimamia mifumo ya kompyuta serikalini, ina makao yake makuu Dodoma.

Juu ya mifumo hiyo mikubwa, mnunuzi wa mahindi wa Kibaigwa, mwenye kinu cha kukamua alizeti wa Singida au mwenye nyumba ya wageni wa Dodoma mjini ana mfumo wake mdogo wa mauzo na hesabu. Mfumo huo ukikwama, kazi yote inakwama nao.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro. Tuseme anapata faida ya Sh. 2,000 kwa kila gunia la kilo 100. Fundi anamshauri anunue seva mpya ya Sh. 6,000,000. Hiyo ni faida ya magunia 3,000, yaani tani 300 za mahindi, au malori 10 ya tani 30 kila moja. Malori kumi yatapakiwa na kushushwa ili kulipia mashine tu. Kwa hiyo ni haki yake kuuliza ushauri huo umetoka wapi.

PROGRAMU YA KUPIMA UTENDAJI NI NINI

Fundi makini hakisii. Hutumia programu ya kupima utendaji, ambayo kazi yake ni kueleza muda wa kompyuta unatumika wapi. Programu za namna hii si ngeni. Mojawapo iliyojulikana sana, gprof, ilielezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1982. Kwa kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, ambao ndio uliomo katika seva nyingi duniani, programu iitwayo perf imekuwa sehemu ya mfumo huo tangu mwaka 2009. Kompyuta za Windows nazo zina Task Manager, ambayo kila karani amewahi kuiona, pamoja na vifaa vingine vya ndani zaidi kwa mafundi.

Programu hizi hufanya kazi kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kuhesabu: kila tukio la aina fulani likitokea, linaongezwa katika daftari. Njia ya pili ni kuchukua sampuli. Programu huchungulia prosesa mara nyingi kwa sekunde na kuandika ni kazi gani iliyokutwa ikifanywa wakati huo. Ikichungulia mara 1,000 na kukuta kazi ya kutafuta jina la mteja mara 700, hukadiria kuwa kazi hiyo inakula asilimia 70 ya muda.

Mafundi wengi huchagua kuchungulia mara 99 kwa sekunde badala ya mara 100. Sababu yake mfanyabiashara ataielewa upesi. Ndani ya kompyuta zimo kazi zinazojirudia kwa mpangilio wa saa, na mpimaji akienda kwa hatua zinazolingana nazo, atazikuta kila mara au asizikute kamwe. Ni sawa na mkusanya bei anayefika sokoni kila siku saa nne kamili, wakati malori ya Kiteto yameingia na bei imelegea. Daftari lake litakuwa safi, lakini bei ya jioni hataijua.

Kabla ya kuanza, programu hizi zote huhitaji kuambiwa zipime nini. Zipime programu moja au mashine nzima? Kiini kimoja cha prosesa au vyote? Kwa muda gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo wigo wa kipimo. Katika perf, kwa mfano, fundi akiandika alama ya -p na namba ya programu, amezungushia wigo programu hiyo pekee. Akiandika -a, ameipima mashine nzima. Akiandika -C, amechagua viini fulani vya prosesa. Ni herufi moja tu, lakini ndiyo inayoamua tarakimu itakayofika mezani kwa mwenye duka.

WIGO WA MUDA

Turudi Kibaigwa. Mashine ya mnunuzi wetu ina prosesa yenye viini vinne, yaani ni kama vibarua wanne wanaoweza kufanya kazi kwa pamoja. Fundi wa kwanza anapima mashine nzima kwa saa 24 na kuleta jibu: kwa wastani mashine inatumika kwa asilimia 7. Anasema haina tatizo, na labda makarani ndio wazito.

Hakudanganya. Lakini soko lina saa zake. Mashine hiyo inafanya kazi kweli kwa saa mbili, malori yanapopakiwa, na hapo inafika asilimia 29. Saa nyingine 22 inakaa kwenye asilimia 5. Zidisha 29 kwa 2, upate 58; zidisha 5 kwa 22, upate 110; jumlisha na ugawe kwa 24. Jibu ni 7. Wastani huo umezika saa mbili ambazo ndizo biashara yenyewe.

Kwa mazingira ya kanda ya kati, wigo wa muda unapaswa kufuata kalenda ya biashara. Mnunuzi wa nafaka apime siku za mavuno. Mwenye nyumba ya wageni Dodoma apime wakati Bunge limekaa, hasa kikao cha bajeti kinachoanzia Aprili hadi Juni, kwa sababu kupima wakati wabunge wako majimboni ni kupima nyumba tupu. Kampuni iliyosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ipime siku zinazokaribia tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, wakati mhasibu anaandaa ripoti huku makarani wanauza.

WIGO WA MASHINE NZIMA NA WIGO WA KIINI KIMOJA

Fundi wa pili ana busara zaidi. Anapima saa zile mbili tu. Anapata asilimia 29 kwa mashine nzima. Bado inaonekana nafasi ipo tele, kwani zaidi ya theluthi mbili ya nguvu haijaguswa. Hata hivyo foleni ya malori iko pale pale.

Jibu linapatikana wigo unapogawanywa kwa kila kiini. Kiini cha kwanza kiko asilimia 100. Vingine vitatu viko asilimia 5, 5 na 6. Jumla yake ni 116, na ukigawa kwa nne unapata 29. Kibarua mmoja amebeba mzigo wote na wenzake watatu wamekaa kivulini.

Madereva wa malori wanaopita mizani ya Njuki mkoani Singida hawahitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari haitazami uzito wa jumla peke yake, ambao mwisho wake ni tani 56. Inatazama pia uzito wa kila ekseli. Lori linaweza kuwa chini ya uzito wa jumla unaoruhusiwa na bado likawa na kosa, kwa sababu mzigo umelaliwa na ekseli moja. Anayesoma jumla tu hataliona kosa hilo.

Ni hapa fedha nyingi zinapoweza kupotea. Ikiwa kazi iliyokwama imeandikwa kwa namna ya kutumia kiini kimoja tu, kununua seva ya viini 16 hakuondoi foleni. Kiini kimoja kitaendelea kujaa na vingine 15 vitalala, na ripoti ya mashine nzima itaonyesha kazi hiyo inachukua asilimia 6 hivi tu ya nguvu. Mnunuzi ataambiwa kuwa sasa ana nafasi kubwa sana, ilhali dereva bado anasubiri stakabadhi. Mashine mpya itasaidia kwa kiasi kile tu ambacho kila kiini chake kina kasi kuliko cha zamani, na hiyo si bei ya viini 16.

ASILIMIA YA NINI?

Kuna mtego mwingine unaotokana na wigo, nao ni wa kigawanyo. Programu iliyojaza kiini kimoja katika mashine ya viini vinne husomeka kama asilimia 25 katika Task Manager ya Windows, kwa sababu humo asilimia 100 ni viini vyote kwa pamoja. Kazi hiyo hiyo, ikitazamwa kwa programu ya top katika Linux jinsi inavyokuja, husomeka kama asilimia 100, kwa sababu humo asilimia 100 ni kiini kimoja. Ndiyo maana katika Linux fundi anaweza kuleta tarakimu ya asilimia 250 bila kuwa amekosea.

Mwenye duka mwenye mashine mbili, moja ya Windows na nyingine ya Linux, anaweza kudhani moja imezidiwa na nyingine ina nafasi, kumbe zimebeba mzigo sawa. Kutajiwa asilimia bila kuambiwa ni asilimia ya nini ni kama kutajiwa bei ya gunia bila kuambiwa kama ni la kilo 100 au ni lumbesa. Mkulima aliyewahi kuuza lumbesa kwa bei ya gunia anaijua hasara yake.

PROGRAMU MOJA AU ZOTE

Fundi wa tatu anasema: tatizo liko kwenye programu ya mauzo, basi tuipime hiyo. Anaweka wigo kwenye programu ya mauzo peke yake. Matokeo yanashangaza. Programu ya mauzo karibu haifanyi kazi yoyote. Muda mwingi imelala.

Sababu ni kwamba programu ya mauzo haifanyi kazi peke yake. Karani akiandika jina la mteja, programu hupeleka swali kwa programu nyingine, ile inayotunza hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za wateja, mizigo na malipo. Kisha husubiri jibu. Kwa kompyuta hizo ni programu mbili tofauti, zenye namba mbili tofauti. Wigo uliozungushiwa moja hauioni nyingine. Ni sawa na kupima bidii ya karani wa dirishani bila kumpima mtunza stoo aliye nyuma ya ukuta, na kuhitimisha kwamba ofisi nzima ni ya wavivu.

Wigo ukipanuliwa kuwa mashine nzima, na matokeo yakapangwa kwa majina ya programu, picha inajikamilisha. Kiini kilichojaa kimeshikwa na hifadhidata. Ndani yake, karibu muda wote unakwenda katika kazi moja: kupitia orodha nzima ya wateja, jina baada ya jina, kila mara stakabadhi inapoandikwa. Orodha hiyo haina faharasa. Mwaka wa kwanza ilikuwa na majina machache na hakuna aliyeona ubaya. Sasa imejaa majina ya misimu kadhaa.

Katika mfano huu dawa ni kuiwekea orodha faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu inayokupeleka ukurasa unaoutaka moja kwa moja. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua anachofanya, na haihitaji mashine mpya. Sh. 6,000,000 zinabaki katika kununulia mahindi.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuanza na wigo mpana ili kujua mzigo uko wapi, kisha kuubana wigo pale palipoonekana. Anayeanza na wigo mwembamba ameshakisia jibu kabla ya kupima.

KAZI NA KUSUBIRI

Pamoja na hayo, hata wigo wa mashine nzima una ukuta wake. Sampuli za prosesa huonyesha kazi inayofanyika. Hazionyeshi kusubiri. Programu inayosubiri diski, printa au jibu kutoka benki haipo kwenye prosesa, na mpimaji akichungulia prosesa haikuti. Kwake ni kama haipo, ingawa mteja amesimama dirishani.

Wafanyabiashara wa Tanzania walipata somo hilo mwezi Mei mwaka 2024. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Ofisi yoyote ya Dodoma ambayo ingepima kompyuta zake siku hiyo ingekuta prosesa zimepumzika, kumbukumbu ina nafasi na diski hazina kazi. Kila tarakimu ndani ya wigo ingekuwa nzuri. Tatizo lilikuwa baharini, mbali na kanda ya kati, nje kabisa ya wigo.

Si lazima waya wa baharini ukatike ndipo hali hiyo itokee. Stakabadhi moja ya kawaida inaweza kugusa kompyuta ya duka, mtandao wa kampuni ya simu, seva ya benki na mfumo wa kodi, kabla ya kurudi kwenye printa. Kipimo cha kompyuta ya duka kinaeleza kipande kimoja cha safari hiyo.

Njia rahisi ya kulinda fedha ni kuanza na kipimo ambacho hakihitaji programu yoyote. Karani achukue saa na aandike muda kuanzia anapobonyeza kitufe hadi karatasi inapotoka. Tuseme ni sekunde 40. Fundi naye, kwa vifaa vyake, aonyeshe ni sekunde ngapi kati ya hizo 40 prosesa ilikuwa kazini kwa ajili ya stakabadhi hiyo. Ikiwa ni 35, tatizo ni la kompyuta na linaweza kutafutwa humo. Ikiwa ni 3, basi sekunde 37 ni za kusubiri, na seva mpya, hata ikiwa na kasi mara mbili, itaokoa sekunde moja na nusu tu.

WIGO MPANA NAO UNA GHARAMA

Baadhi ya mafundi wakisikia hayo husema, basi tupime kila kitu siku zote. Hilo nalo halifai. Kipimo hutumia nguvu ya kompyuta ile ile inayopimwa. Sampuli zikiwa nyingi mno, au kila tukio likiandikwa, mashine inaelemewa na mpimaji wake, na diski inajaa kumbukumbu ambazo hakuna atakayezisoma. Sampuli za kiasi, kwa dakika chache za saa ya shughuli nyingi, mara nyingi zinatosha kuonyesha mzigo uko wapi.

Aidha, kuipima mashine nzima kunahitaji ruhusa ya juu kuliko kupima programu moja, na Linux kwa kawaida huwawekea mipaka watumiaji wa kawaida. Mfanyabiashara anayempa fundi wa nje ruhusa hiyo ajue kuwa amempa ufunguo wa ofisi yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamwekea mwenye kumbukumbu za wateja wajibu wa kuzilinda. Ruhusa itolewe kwa siku ya kazi na iondolewe kazi ikiisha.

Kwa wale waliokodi sehemu ya seva badala ya kununua, upo ugumu mwingine. Mashine moja kubwa hugawanywa kwa wateja wengi, na mpangaji huona chumba chake tu. Jirani akitumia nguvu nyingi, mpangaji anaweza kuchelewa bila kumwona. Linux huonyesha sehemu ya muda ambao prosesa ilihitajika lakini ikawa imepewa mwingine, na tarakimu hiyo inafaa kuombwa kabla ya kukubali kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

KWA WENYE HISA

Wawekezaji wadogo ambao hawana duka wala seva wanakutana na wigo kwa njia nyingine. Kampuni za simu, benki na watoa huduma za mifumo hupenda kutangaza kuwa huduma zao zinapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Mwaka una saa 8,760. Sehemu moja katika elfu ya hizo ni saa 8 na dakika 45 hivi za kuzimika.

Maswali ni yale yale ya Kibaigwa. Je, saa hizo zilikuwa usiku wa manane au mwisho wa mwezi watu wakilipwa mishahara? Je, matengenezo yaliyopangwa yamo ndani ya hesabu au yameachwa nje? Je, kipimo kilichukuliwa kwenye seva ya kampuni, au kwenye simu ya mteja wa Mpwapwa? Seva inaweza kuwa hewani kwa asilimia 99.9 na mteja akashindwa kutuma fedha kwa muda mrefu zaidi ya huo. Mwenye hisa anayeuliza maswali haya katika mkutano mkuu wa mwaka anauliza juu ya mapato ya kampuni, kwa sababu muamala usiopita hauna tozo.

MASWALI SITA KWA FUNDI

Kabla ya kutia saini hati ya kununua mashine, mfanyabiashara aombe majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Ulipima programu moja, mashine nzima, au kiini kimoja kimoja? Nionyeshe vyote.

2. Ulipima siku gani na saa ngapi? Ilikuwa siku ya soko?

3. Hii asilimia ni ya kiini kimoja au ya viini vyote?

4. Hifadhidata na programu nyingine zinazosaidia mauzo zilikuwa ndani ya wigo au nje?

5. Katika muda wote ambao mteja anasubiri, ni sekunde ngapi mashine inafanya kazi na ni ngapi inasubiri wengine?

6. Mashine mpya itapunguza zipi kati ya sekunde hizo, na kwa kiasi gani?

Fundi anayejua kazi yake hatachukia maswali haya. Majibu mengi tayari atakuwa nayo, kwa kuwa ndiyo aliyoyachagua alipokuwa anawasha programu yake. Yule asiyeweza kusema aliweka wigo wapi hajapima bado, na haijafika saa ya kumlipa.

Inawezekana, baada ya maswali yote sita, jibu likabaki kuwa mashine mpya inahitajika. Viini vyote vinne vikiwa vimejaa siku ya soko, hifadhidata ikiwa na faharasa na mtandao ukiwa mzima, basi fedha itolewe bila kinyongo. Malori kumi ya mahindi yatakuwa yamenunua kitu. Lakini kama ni kiini kimoja kilichojaa, au ni waya uliokatika mbali, mashine mpya itakaa mezani ikisubiri jibu lile lile ambalo ile ya zamani ilikuwa inalisubiri.